Visanduku Vitano vya Huruma

Benchi ni langu, na nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia wamekwisha kusahau. Nililipigilia misumari kwa ajili ya wateja: mtu avue kiatu, akae, nimpigie soli, avae, aende zake. Siku hizi mteja akija hukalia ndoo iliyopinduliwa, maana benchi lina wenyewe. Yupo Kamusi, mwalimu mstaafu aliyefundisha jiografia miaka thelathini na sasa anafundisha kila kitu isipokuwa jiografia. Yupo Hakimu, ambaye hajawahi kumhukumu hata kuku. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga mlango wa mahakama, na kwa kusimama pale miaka mingi sheria ikamwingilia masikioni. Yupo Kinyozi, kibanda chake kimepakana na changu, hunyoa kichwa nusu akamwacha mtu na shuka shingoni ili aje kuchangia hoja. Na yupo Mvuke, msimamizi wa kiwanda cha kufulia na kupiga pasi kilicho mtaa wa pili, mtu wa sauti kubwa asiyeuma. Kahawa huletwa na mzee tunayemwita Birika, na sheria ya kijiwe ni moja tu: jambo likishawekwa benchini haliondolewi mpaka birika liwe tupu.

Siku hiyo Mvuke alifika saa saba mchana, wakati ambao kwa kawaida yuko kazini anawafokea watu. Alikuwa na karatasi ndani ya shati.

Mvuke: Jamani, nina jambo la dakika moja.

Hakimu: Kaa. Hakuna jambo la dakika moja.

Akakaa, akatueleza. Kuna mama mmoja katika chumba cha pasi, ana miaka kumi na mmoja pale. Wiki iliyopita alipewa joho la jaji, jeusi, zito, la kwenda nalo mahakamani kesho yake. Likaungua mgongoni, na alama iliyobaki ni pasi nzima, ncha na kila kitu. Jaji hakutazama kabla ya kulivaa. Asubuhi nzima watu mahakamani walikuwa wanasimama kwa heshima akiingia na wanajiziba midomo akipita.

Hakimu: Joho la jaji ni mahakama yenyewe. Huyo mama ameichoma mahakama.

Mvuke: Ndivyo makao makuu wanavyosema. Wameleta fomu. Ina visanduku vitano, na mimi kama msimamizi niweke alama kwenye kimoja. Nisipoweka, anafukuzwa leo saa kumi. Nikiweka viwili, fomu ni batili na anafukuzwa vilevile.

Mimi: Na ukiweka kimoja?

Mvuke: Anabaki. Ila kila kisanduku kina adhabu yake, na adhabu hazikuandikwa. Hebu Mwalimu soma wewe, miwani nimeisahau.

Mvuke hajawahi kuwa na miwani. Hatukumwambia kitu, kila mtu hapa ana miwani aliyoisahau.

Kamusi akaipokea fomu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasoma kwa sauti ya kuita mahudhurio darasani: mercy, clemency, leniency, compassion, pity.

Kinyozi: Zote hizo si huruma tu?

Kamusi alimtazama kwa masikitiko, kana kwamba ameambiwa mito yote duniani ni maji tu.

Kamusi: Kinyozi, ndugu yangu, nisikilize. Chukua panga. Mercy ni mtu ameshika panga, una hatia, anaweza kukukata, halafu hakukati.

Kinyozi: Sawa.

Kamusi: Leniency, anakukata, ila kwa bapa la panga.

Kinyozi: Inauma lakini.

Kamusi: Inauma, na unatakiwa ushukuru. Clemency ni palepale kwenye mercy, ila mwenye panga ni mtawala, na anakuachia siku yake ya kuzaliwa. Pity ni mtu hana panga, yuko ghorofani dirishani, anaona unavyokatwa, anatikisa kichwa, anafunga pazia.

Birika: Na hiyo nyingine?

Kamusi: Compassion ni kuteremka ukakatwe naye.

Nakiri ilinikaa vizuri. Kwa mtu wa jiografia ilikuwa kazi nzuri, na kama tungeishia pale, Mvuke angeweka alama akarudi kazini. Lakini birika lilikuwa limejaa.

Hakimu: Kwenye leniency nakuunga mkono, nimeiona kwa macho. Kijana aliiba baiskeli. Hakimu wa kweli akamwambia, mahakama imekuonea huruma, badala ya miaka mitatu nakupa miwili. Kijana akasema asante mheshimiwa. Akashuka kizimbani anashukuru mpaka kwenye karandinga.

Mvuke: Basi niweke hiyo?

Hakimu: Hapana. Hapa mkosewa ni jaji. Panapohusika jaji huwezi kushuka chini ya clemency. Na clemency huombwa kwa magoti. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mimi: Hiyo ni ya mtu anayetafuta kitu, Hakimu.

Hakimu: Na yeye anatafuta nini? Si huruma?

Kinyozi: Mimi nina swali la kitaalamu. Mwaka jana nilimkata mteja sikio, kidogo.

Mimi: Halikuwa kidogo.

Kinyozi: Kidogo. Akaniambia, basi kaka, si neno. Hiyo ilikuwa ipi?

Kamusi: Mercy. Alikuwa na haki ya kukupiga, hakukupiga.

Hakimu: Napinga. Mteja alikuwa amefungwa shuka shingoni na wembe uko mkononi mwa mkosaji. Huruma ya mtu aliyefungwa shuka haihesabiki. Ile ilikuwa hofu.

Kinyozi aliinuka akaenda kibandani kwake. Tukadhani amekasirika, kumbe kuna mteja alikuwa amemwita, akamwambia subiri, akarudi.

Kinyozi: Mimi nimegundua kwa nini wenye Kiingereza wana tano. Kwao baridi. Mtu wa baridi havai kitu kimoja, anavaa fulana, shati, sweta, koti, na koti juu ya koti. Na huruma yao ni hivyohivyo, wamejikunja humo ndani, ukitaka kumfikia mtu uanze kufungua vifungo kuanzia pity. Sisi tuna huruma moja, tunaivaa mwaka mzima.

Kamusi: Usijidharau. Tunazo. Rehema anakupa Mungu. Imani anakuonea mwenzako. Msamaha unauomba. Upole mtu amezaliwa nao. Huruma yenyewe haiombwi, inamwingia mtu yenyewe, umekaa zako umeona kitu, imekuingia.

Kinyozi: Kwa hiyo makao makuu haijawaingia.

Kamusi: Ingewaingia wasingeleta fomu.

Mvuke aliangalia saa yake. Saa nane kasoro. Akasema kwa sauti ndogo ambayo si yake, tuchague basi. Nikaona mguu wake unatingisha benchi, nikadhani ni haraka ya kurudi kazini. Nilikuwa na kiatu cha mtu kwenye chuma, nikaendelea kupigilia.

Kinyozi: Usiharakishwe. Kuna jambo hapa la vyeo. Hizi huruma zimepangwa kwa vyeo, nakuapia. Pity ni ya wafagiaji. Leniency ya makarani. Mercy ya wasimamizi kama wewe. Clemency ya mameneja. Ukimwekea mpiga pasi clemency, wataanza kuuliza huyu mwanamke ni nani, ana nani juu.

Hakimu: Na compassion?

Kinyozi: Hiyo ni ya wageni wakija na kamera.

Birika akacheka mpaka akamwaga kahawa kwenye soli niliyokuwa nimeipaka gundi. Kinyozi akiona mtu amecheka huwa hashikiki tena.

Kinyozi: Halafu kuna mgao. Ofisi yoyote kubwa inapewa mgao wa mwaka. Gunia la pity, gunia la mercy, ya kutumia mpaka Desemba. Pity za mwaka huu zimekwisha, walipewa madereva wote walipogonga ukuta wa ofisi. Ndiyo maana nakwambia Mvuke usiweke pity, wataandika, imekwisha, anafukuzwa.

Birika: Na mercy zimebaki?

Kinyozi: Mercy hubaki tele. Kila mtu anaitunza, anasema huenda ikaja siku ya kuihitaji.

Kamusi: Mnapotea. Neno sahihi ni compassion, na maana yake ni kuumia pamoja. Nimeshasema.

Hakimu: Basi tuitafsiri kisheria. Kama ni kuumia pamoja, mkurugenzi apigwe pasi.

Kinyozi: Kidogo tu. Kidole.

Hakimu: Na mwenyekiti wa bodi kidole. Na jaji mwenyewe, kwa sababu naye ni mhusika. Sheria haikatazi.

Kamusi: Na msimamizi wa chumba cha pasi.

Hakimu: Huyo wa kwanza kabisa. Yuko karibu na pasi.

Mvuke hakucheka. Mimi nilicheka, na nasema hivyo kwa sababu sitaki mtu afikiri nilikuwa mwenye busara pale. Nilicheka na nikapiga kura. Maana tulipiga kura: Kamusi akasema compassion, Hakimu akasema clemency, Kinyozi akasema leniency kwa sababu adhabu lazima iwepo, akili ni nywele na kila mtu ana zake, na yeye anafagia za mtaa mzima kila jioni kwa hiyo tumsikilize. Mimi nikasema mercy, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwenye fomu. Birika alisema yeye hapigi kura akiwa kazini. Kura mojamoja, hakuna mshindi, na muda huo wote, saa nzima na nusu, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza Mvuke huyo mama anaitwa nani.

Hapo ndipo alipokuja mwanamke mmoja wa makamo, kandambili moja mkononi, amekanyaga chini kwa mguu mmoja. Kamba ya kandambili ilikuwa imechomoka. Akanisalimu, shikamoo fundi, japo hatupishani miaka mingi, nikaitikia nikaipokea. Ndoo siku hiyo ilikuwa na maji ndani, kwa hiyo akakaa mwisho wa benchi, pale kwenye nafasi ya kiganja kando ya Mvuke. Nilimwona Mvuke akishusha kikombe chini taratibu, akakiweka mchangani, akakiacha. Mimi nilikuja kuelewa baadaye, lakini wewe sitakuhangaisha: ndiye mwenyewe. Ndiye mpiga pasi wa miaka kumi na mmoja, na mikono yake ilikuwa na mistari ya kuungua kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, mingine ya zamani, mmoja mpya.

Kinyozi hakujua. Kwake alikuwa mpita njia, tena mpita njia aliyeletwa na Mungu.

Kinyozi: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Dada, wewe huna upande hapa, tusaidie. Kuna mwanamke kazini kwa huyu bwana kachoma joho la jaji. Tunatafuta huruma ya kumpa, zipo tano, tumegawana kura. Mwalimu, mweleze.

Kamusi akamweleza. Panga, bapa, mtawala, dirisha, na kuteremka. Alieleza vizuri kuliko mara ya kwanza, maana alikuwa na msikilizaji mpya. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, hakumkatiza.

Mama: Na huyo mwanamke, ameomba hiyo huruma?

Kinyozi: Hata hajui kama tunamshughulikia.

Mama: Hizo zote tano ni za mtu aliyekosa?

Kamusi: Naam. Pasipo kosa hakuna... ngoja. Pity waweza kumpa yeyote. Na compassion pia. Lakini kwenye fomu, ndiyo, ni za aliyekosa.

Mama: Na ya asiyekosa iko wapi?

Kamusi akaishika fomu akaitazama tena. Akaigeuza nyuma. Nyuma ilikuwa nyeupe.

Hakimu: Dada, joho limeungua. Alama iko mgongoni. Ushahidi upo.

Mama: Liliungua kwa pasi ipi?

Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumelijadili joho, jaji, baridi na mgao wa magunia, pasi hatukuigusa. Tukamtazama Mvuke.

Mvuke: Namba tatu.

Mama: Namba tatu ina nini, Bosi?

Pale kwenye "Bosi" ndipo Kinyozi alipoelewa. Alikuwa amekaa, akasimama, akakosa sababu ya kusimama, akakaa tena.

Mvuke: Haikati moto.

Mama: Ukiiweka kwa moto mdogo inapanda yenyewe. Unaigusisha kwenye nguo, dakika haijaisha, imekuwa kaa. Si ndivyo?

Mvuke: Ndivyo.

Mama: Nilikuja mezani kwako kukwambia mara ngapi?

Hakufoka. Aliuliza kama mtu anavyouliza saa. Nilisubiri Mvuke ajibu, na benchi lote likasubiri, hata Birika akasimama na birika lake limeinama bila kumimina. Mvuke, mtu ambaye sauti yake tunaisikia kutoka mtaa wa pili, aliinama akakiokota kikombe chake mchangani. Mimi nilikuwa na sindano kwenye kandambili ya yule mama na mkono wangu haukuwa unafanya kazi. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda masikioni, kwa sababu nilikuwa nimempigia kura mtu ambaye hana kosa nikajiona nimemfanyia wema.

Nikamaliza kushona nikampa. Aliijaribu kwa kukanyaga mara mbili. Akataka kunilipa, nikakataa, akaweka sarafu juu ya benchi pale alipokuwa amekaa.

Mama: Fomu ni yako, Bosi. Saa kumi nitakuwa mlangoni kusikiliza.

Akaenda. Tulimwangalia mpaka akakata kona.

Kinyozi: Mwalimu, hilo la asiyekosa, kwa Kiingereza linaitwaje?

Hakimu ndiye aliyejibu, polepole, na safari hii hakuweka methali.

Hakimu: Hilo si huruma tena. Hilo ni haki. Na hapo halimo.

Mimi: Mvuke. Kwa nini hukuitengeneza?

Mvuke: Kuna fomu ya hitilafu. Unaijaza, unaipeleka makao makuu, wanaleta fundi. Ni ya Kiingereza, kurasa mbili. Niliifungia kwenye droo. Nikasema nitapata mtu wa kunijazia, siku zikapita. Pale kazini siwezi kuomba, mimi ni msimamizi. Nikawa namwambia, endelea tu mama, uwe mwangalifu.

Kamusi: Ungetuletea sisi.

Mvuke: Nilikuwa nikifikiria hivyo kila siku. Lakini ningewaletea, Mwalimu, mngekuwa mko kwenye mstari wa kwanza mpaka leo.

Ilituuma, na ilistahili kutuuma. Kamusi alivua miwani yake, ya kweli, akaifuta na shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Saa tisa na robo. Mvuke akamwomba Kamusi kalamu. Akaitandika fomu juu ya paja, akalitafuta jina la yule mama pale juu, herufi kwa herufi kwa ncha ya kalamu, akalikata kwa mstari mmoja. Pembeni akaandika lake. Hilo alijua kuliandika.

Hakimu: Ukifuta fomu inaharibika.

Mvuke: Na iharibike. Mwalimu, niandikie hapo kwenye kosa, kwa Kiingereza. Aliniambia mara tatu.

Kinyozi: Mvuke, wewe una watoto. Fikiri.

Mvuke: Aliniambia mara tatu. Andika hivyo tu, usiongeze.

Kamusi akaandika. Sentensi ikatoka fupi kuliko zote nilizowahi kumwona akizitoa. Kisha akateremsha kalamu kwenye vile visanduku, akaipitisha kutoka cha kwanza hadi cha tano, akarudi mwanzo. Mtu huyu alikuwa ametuchambulia kila kimoja kwa panga, bapa na dirisha. Akamtazama rafiki yake.

Kamusi: Sasa huku chini, Mvuke. Wewe nikuwekee ipi?

Mvuke: Yoyote, Mwalimu. Weka yoyote.